Stata ya Lori, Dinamo ya Trakta

Kitu cha kwanza cha kijinga nilichofanya, na nakiweka hapa juu kabisa ili mtu asiseme nimekificha, ni kufunga stata ya lori kwenye baiskeli ya mama, nikaiunganisha na betri ya televisheni ya baba, halafu nikapanda.

Stata ni ile mota fupi nzito inayoamsha injini asubuhi. Inafanya kazi kidogo tu, kwa hasira nyingi, kisha inarudi kulala. Ina nguvu na haina akili. Nilipoiona kwenye takataka za gereji nilihisi nimekutana na ndugu yangu. Mlinzi aliniambia nikiweza kuibeba niende nayo. Niliibeba. Niliifunga juu ya karia kwa mipira ya tyubu, nikaivisha kipande cha mpira puani ili isugue tairi ya nyuma na kuizungusha. Betri niliitia kwenye gunia nikaining'iniza kwenye fremu. Swichi sikuwa nayo. Swichi ilikuwa mkono wangu: ukigusisha waya inaenda, ukiondoa inasimama. Kwenye mtihani wa fizikia ningepewa alama zote.

Nikagusisha. Cheche ziliruka, na waya ukayeyukia pale pale juu ya betri, ukaganda kama umechomelewa. Ukawa hautoki. Na baiskeli nayo ikawa haisimami.

Ploti yetu iko Langas, pembeni mwa Eldoret. Vyumba vimejengwa safu mbili zinazotazamana kama watu waliokosana, katikati kuna uwanja wa matope, na juu ya matope kuna kamba ya nguo. Jumamosi hiyo kamba ilikuwa imebeba mali ya mtu mmoja tu, askari wa kanjo, yaani askari wa baraza la mji, ambaye mlango wake unatazamana na wetu. Alikuwa amefua sare yake ili ikauke kabla ya Jumatatu. Nilipita katikati ya suruali. Tulisafiri pamoja kidogo, mimi na mguu mmoja wa serikali umenifunika uso, mpaka tukaangukia mtaro nyuma ya choo. Waya ukashika moto. Nilipotoka nilikuwa mzima. Betri ilikuwa imekufa, na suruali ilikuwa na tundu la upana wa kisosi, pale pale pa kukalia.

"Haiya!" akasema mama mmoja aliyekuwa akifua karibu na mfereji. "Serikali imeungua matako!"

Ploti nzima ikacheka. Hicho kicheko ndicho kilichotuponza. Suruali ingeweza kutiwa kiraka.

Askari alitoka amejifunga taulo. "Nani amecheka?"

Hakuna aliyekuwa amecheka. Siku hizi mtu wa sare akiuliza nani amecheka, hata mtoto wa mgongoni anajua kufunga mdomo.

"Pole, Afande," nilisema. "Ilikataa kusimama."

"Hata wewe utakataa kusimama siku nitakapokushika vizuri."

Aliokota suruali akaiinua juu, mwanga wa jua ukapita kwenye tundu ukamwangukia puani. Nilijiuma ulimi. Naapa nilijiuma. Lakini uso wangu una tabia zake, na yeye aliuona. Basi akaniacha, akamgeukia mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko.

"Mama Maziwa," alisema taratibu, "kile kikombe changu cha asubuhi usijisumbue nacho tena. Mimi na wewe tutaonana darajani."

Hapo ndipo nilipoacha kuona mambo ni ya kuchekesha. Si sana, lakini niliacha.

Nieleze hicho kikombe. Mama yangu ni mchuuzi wa maziwa. Alfajiri anaenda Kapseret, kwa watu wenye ng'ombe, anajaza mitungi miwili ya aluminiamu, anaining'iniza pande mbili za baiskeli, anavuka daraja la mto Sosiani na kuingia mjini kwa wenye vioski vya chai. Mjini, maziwa ya halali ni yale ya pakiti kutoka kiwandani. Ya mtungi ni magendo. Nilipokuwa shule ya msingi serikali ilikuwa ikitupa maziwa ya bure tunywe tuwe na mifupa migumu. Serikali hiyo hiyo ndiyo inayoweka askari darajani kumwaga ya mama. Nilipomuuliza mwalimu wa historia jambo hili, alifunga mlango kwanza, halafu akanichapa.

Sasa huyu jirani yetu ndiye aliyekuwa na zamu ya darajani. Kila asubuhi mama alikuwa akimwachia kikombe cha maziwa dirishani, kimefunikwa na sahani. Hawakuwahi kuzungumza juu yake. Akipita darajani, jirani alikuwa anatazama samaki mtoni, na Sosiani haina samaki wa kutazamwa. Jioni alikuwa anakuja kwetu kuangalia taarifa ya habari kwenye televisheni ya baba, anakaa kwenye kiti kizuri, anatikisa kichwa kila Rais anapofungua kitu. Ndivyo tulivyoishi. Halafu mimi nikaua betri na kuchoma suruali, yaani televisheni na daraja vyote kwa mkupuo mmoja.

Baba ni karani kwenye ghala la mahindi. Jioni hiyo aliitazama televisheni yake imefunikwa kitambaa cha kufuma kama maiti, akanitazama mimi, akamuuliza mama: "Hivi tulizaa mtoto ama tulizaa hasara?"

"Ulizaa wewe," mama akamjibu. "Huo ujinga kwa watu wetu hauko."

Walianza hapo, wakaendelea wiki nzima. Sisi tulitoka upande wa magharibi, na wazazi wangu wakigombana wanarudi kwenye lugha ya nyumbani, ambayo ina matusi marefu. Mimi nilikuwa nikisomea kwenye mwanga wa koroboi na kujifunza mengi ambayo hayamo kwenye silabasi.

Mama hakupita darajani wiki hiyo. Alijaribu mara moja. Askari hakutazama samaki. Alimwaga mtungi mmoja mbele ya watu, polepole, huku akimwangalia machoni, na akamwambia kwamba kesho itakuwa yote miwili na baiskeli juu. Mama alirudi na mtungi uliobaki, akatupikia uji wa maziwa matupu, mzito, tukala bila mtu kusema ni mtamu.

Bila maziwa hatuna karo. Sisemi hivi ili unionee huruma, mimi shule naweza kuikosa na nikalala vizuri. Ni mama aliyekuwa hawezi. Alikuwa ameapa nitafika chuo, na mama akiapa ni kama amekuroga.

Tatizo lilikuwa goti. Msimu wa mvua uliopita aliteleza na mitungi kwenye mteremko, akalazwa hospitali ya misheni kule Plateau, na tangu siku hiyo goti la kulia linakunjika kama mlango wenye bawaba ya kutu. Daktari alimwambia apumzike. Mama alimuuliza kama hakuna dawa nyingine. Mahali pa tambarare alikuwa anakanyaga kwa mguu mmoja. Kwenye mlima alikuwa anashuka na kusukuma.

Halafu zamu yake ya chama ikafika. Chama cha akina mama wa kanisani kina desturi: zamu yako ikifika, wenzako wanakuja kwako wakiimba, na ile michango inageuzwa kuwa vyombo, masufuria, sahani, vikombe vyenye maua. Mtu akikutembelea anaviona kabatini anajua una watu. Mama aliwaambia hataki masufuria. Anataka mota ya baiskeli.

Mwenyekiti wao akauliza, "Mota? Ya kupikia nini?"

"Ya kupanda mlima."

"Dada, sisi tumekuja kukuvika, wewe unataka kutuvua. Watu watasema chama chetu kimenunua vyuma."

"Waseme. Wakimaliza kusema waje wanisukumie mitungi."

Walimpa hela kwa uso wa kufukuza nzi, wakaondoka bila kumaliza chai. Wawili walibeba mandazi yao.

Baba aliposikia kuna hela ndani ya nyumba alipata wazo. Kulikuwa na afisa wa mifugo aliyehamishwa, anauza pikipiki yake kubwa nyekundu. Baba alikuwa anaijua hiyo pikipiki kama mtu anavyomjua mke wa jirani. "Inabeba watu watatu," alisema. "Inapanda mlima wowote. Jumapili tunafika kanisani kama watu."

"Na Jumatatu?" mama akauliza.

"Jumatatu ninaenda nayo kazini."

"Na maziwa itaenda na nani?"

"Utaitumia nikirudi."

"Ng'ombe nimwambie angoje urudi? Hiyo kitu inalia hata ikiwa imelala. Askari ataisikia nikiwa bado Kapseret nafunga kitambaa."

Mimi nilimwunga mkono mama kwa sababu zangu. Nilitaka stata. Safari hii nilikuwa na mpango wa swichi ya kweli. Niliona kabisa: askari ametanua miguu darajani, mkono juu, na mama yangu anampita kama risasi, kofia ya askari inaruka mtoni. Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo kwake ni nadra.

"Twende kwa fundi," alisema. "Wewe unajua maneno ya hivyo vitu. Lakini ukiongea kabla sijakuuliza, nakuacha huko akuuze na vyuma."

Fundi alikuwa na uwanja wake nyuma ya kinu cha posho. Alikuwa ametengeneza matrakta kwenye mashamba ya ngano mpaka akafukuzwa kwa mdomo mchafu, na mdomo alikuja nao. Alitupokea bila kusimama.

"Mwenye baiskeli ni nani?"

"Ni mimi," mama akasema.

"Mwanamke. Sawa. Mungu ameamua kunijaribu." Akatupa miguuni petu mota mbili. Moja ilikuwa stata ya lori, dada mkubwa wa ile yangu. Nyingine ilikuwa ndefu, nyembamba, nyeusi kwa grisi. "Hiyo ni dinamo ya trakta. Trakta ikitembea, hii inazungushwa inajaza betri. Ukiigeuza, ukaipa moto wa betri, inazunguka yenyewe. Nguvu yake ni ya kati. Sasa chagua haraka, nina watu."

Hakuwa na watu. Kulikuwa na kuku.

"Stata!" nilisema. Mama alinitazama.

Alichuchumaa kwa shida, akaweka mkono juu ya dinamo kama anayepima homa. "Hii inaenda mbio namna gani?"

"Kama mtu anayetembea kwenda kudai deni. Ukiwa na mzigo, pungufu."

"Inachoka?"

"Haichoki. Inapata joto tu. Ile stata ndiyo inachoka. Inakurusha mpaka barabara ya pili, halafu inakula betri yote na kujichoma matumbo."

"Ikizimika nikiwa mbali, naweza kukanyaga kwa miguu?"

"Unaweza."

"Na matope? Mpira ukilowa utateleza kwenye tairi."

Fundi alikunja uso. Nadhani hilo hakuwa amelifikiria. "Nitaweka cheni."

"Cheni ya upande gani? Upande wa kulia goti langu linatokea nje."

"Kushoto basi!"

"Na ikilowa, stima haitanipiga?"

"Mama," alisema fundi, "umekuja kununua ama umekuja kuposa?"

"Nikiposa siangalii sana hivi. Ndiyo maana nimekaa na huyo niliye naye. Betri?"

"Ya lori. Nzito kama dhambi. Unaichajisha pale petroli stesheni usiku, asubuhi unaichukua."

"Inalia?"

"Nini inalia?"

"Hii kitu yote. Ikitembea. Inalia?"

Fundi akaunganisha waya mbili. Dinamo ikazunguka pale chini kwenye vumbi, ikatoa sauti ya mtu anayevuta pumzi puani. Kuku hawakuinua hata vichwa.

"Funga hiyo," mama akasema.

Sikuweza kuvumilia. Njiani kurudi nilimwambia amefanya makosa, kwamba askari atakuwa anatembea kando yake akimsimulia hadithi huku akimwaga maziwa.

"Nani amekuambia nataka kumpita?" akasema. "Mimi nataka tusikutane."

Ndipo nilipojua alichokuwa amekipanga kimya kimya siku zote hizo alizokuwa akibishana na baba. Darajani hakuwa na nia ya kupita tena. Kutoka Kapseret angekata kwenye mashamba, aingie njia za ndani ya miti ya miwati, avuke mto kule juu ulikokuwa mwembamba, auzunguke mji wote, atokee upande wa kaskazini, Kimumu. Kimumu watu wanajenga. Kuna mafundi wa mawe, walimu, vioski vipya visivyo na mtu wa kuviletea maziwa, na kanjo huwa hawafiki huko, kwani hakuna cha kula. Ni mbali mara nyingi zaidi, na ni milima. Kwa goti lile isingewezekana. Kwa stata betri ingekufa kabla ya mlima wa pili. Kwa kitu kisicho na haraka na kisichochoka, ingewezekana.

Na iliwezekana. Hilo lazima niliandike japo linaniuma. Mama alikuwa anavaa koti la baba na viatu vya mpira, gambuti, anafunika mitungi kwa magunia yaliyolowa, anakanyaga kwenye tambarare, na mlima ukianza anabonyeza swichi kwa kidole gumba. Baiskeli ilikuwa inapanda na yeye juu yake amenyooka kama bibi wa kanisani. Mbwa wa Kapseret walikuwa wanabweka akiwa ameshapita. Watu wa Kimumu walikunywa maziwa yake wakaomba mengine. Karo ya muhula ikaanza kuonekana kwa mbali. Na kule darajani askari alikuwa anasimama kila siku na kiraka chake, anangojea mwanamke wa goti bovu, na jioni kwenye ploti alikuwa anamkuta mama anasukuma sima kana kwamba hakutoka siku nzima. Alifikiri amemshinda. Alianza hata kupiga mluzi.

Huo mluzi ndio sikuweza kuuvumilia.

Ningekaa kimya, ningekaa tu, mambo yangekuwa vile vile mpaka leo. Lakini alikuwa ananipigia mluzi mimi, nikipita na ndoo, na siku moja akasema, "Mwambie mamako maziwa ya kiwanda ni tamu." Ijumaa iliyofuata sikuenda shule. Nilikuwa nimekusanya chaki, zile fupi fupi zinazobaki kwenye ubao, mfuko mzima. Nilizisaga, nikazikoroga kwenye mtungi wa plastiki wa maji, nikaufunga kwenye karia ya baiskeli ya rafiki yangu mmoja, nikaja darajani nikijifanya naogopa.

Ni lazima ujue kwamba kanjo huwa wanaonja. Wakikamata maziwa wanasema wanapima kama yametiwa maji, wanachota kikombe, na kipimo kinaendelea mpaka wamekunywa chai yao ya saa nne. Mji wote unajua.

"Simama!" Nilisimama vizuri kuliko siku ya kwanza. "Leo ametuma mtoto, eh? Goti limemkataza?"

"Afande, tafadhali usimwage. Ni ya kioski."

"Sitamwaga. Kwanza nipime."

Watu walikuwa wamesimama: wapiga mikokoteni, wanawake wa mboga, wanafunzi wawili wa shule yetu niliokuwa nimewaalika. Alichota kikombe kikubwa, akakiinua, akanywa kwa mikupuo ya mtu mwenye kiu ya wiki. Kisha akasimama na kikombe hewani. Masharubu yalikuwa meupe. Macho yalikuwa yanatafuta neno.

"Afande," niliuliza, "yametiwa maji?"

Walicheka mpaka mpiga mkokoteni mmoja akakaa chini. Nilikuwa mtu mkubwa kuliko wote Eldoret, kwa muda wa mate kukauka. Maana yeye hakunipiga. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa, nilikuwa nimevaa kaptura mbili. Alitema, akapangusa masharubu kwa mkono, akautazama ule mtungi wa plastiki. Aliutazama sana.

"Mamako yuko wapi?"

"Nyumbani. Goti linauma."

"Na ile mitungi yake ya aluminiamu? Nayo goti linaiuma?"

Kicheko kilikuwa bado kinaendelea nyuma yangu, na kilianza kunisikika kama cha watu wengine.

"Kila asubuhi mwezi huu sijaiona kwenye kile kibanda chenu cha vyombo mbele ya mlango," alisema polepole, kama mtu anayepanga kuni. "Na koti la babako jioni lina majani ya miwati." Akanirudishia kikombe. "Nenda shule, kijana. Umenisaidia sana."

Nilimwambia mama jioni hiyo hiyo. Nilitegemea mwiko. Aliendelea kuchambua maharage, akasema tu kwamba watu wa Kimumu wameshaagiza ya Jumamosi na hatawaacha na chai ya rangi, na kwamba nitamfuata kwa miguu, nisije nikabaki nyumbani nikafikiria kitu kingine.

Basi Jumamosi nilikuwa nyuma yake, gambuti za baba zikininyonya miguu, ndani ya miwati, kwenye ule mlima mrefu. Yeye alikuwa juu ya baiskeli, mimi natembea, na mwendo wetu ulikuwa mmoja. Ilikuwa imenyesha. Cheni ilikuwa inashika vizuri, lazima niseme.

Askari alikuwa ameketi kwenye gogo mahali njia inapokuwa nyembamba. Alisimama, akajipangusa nyuma, pale kwenye kiraka.

"Mama Maziwa. Habari ya goti?"

Mama aliachilia swichi. Hakujaribu kugeuka. "Hapa si mjini, askari. Hapa ni shamba la watu."

"Mjini ni pale nilipo mimi."

"Jirani," mama akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita hivyo tangu ile siku ya kamba. "Nimekupa maziwa miaka miwili. Mtoto wangu alikukosea, mimi nikakuletea kitambaa cha suruali mpya, ukanirudishia mlangoni. Unataka nini?"

Sikuwa najua habari ya kitambaa. Hakuna aliyeniambia.

"Nataka nione kama watacheka tena," alisema. Na akafungua mitungi.

Maziwa yakiingia kwenye udongo mwekundu hayapotei mara moja. Yanakaa juu kidogo, yanakuwa waridi, halafu yanafuata nyayo za watu kuteremka. Niliokota jiwe. Mama hakunitazama, alisema tu "Weka," nikaweka.

Halafu akachukua baiskeli. "Chombo cha moto bila namba. Ushahidi." Aliitupa mitungi kando, akapanda, akatafuta tafuta kwa kidole mpaka akaipata swichi. Tulimwona akipanda ule mlima amekaa wima, miguu imetulia, bila kukanyaga, bila sauti yoyote, kiraka kikituaga. Ilimpandisha vizuri sana. Masufuria yote ya akina mama wa kanisani yalikuwa yanaondoka pale, na ile karo, na Kimumu.

Nilianza kusema kitu. Nadhani kilikuwa mzaha, ndicho kitu pekee kilichokuwa mdomoni. Mama alikuwa amekaa kwenye lile gogo amenyoosha mguu mbovu mbele yake. Alingoja askari akapotea kabisa nyuma ya miti. Kisha akasimama, akaokota mitungi, akaifuta matope kwa upindo wa koti, akausukuma ule mkubwa kifuani pangu, na akasema:

"Hii kubwa ni yako, ile ingine ni yangu. Huyo hawezi kurudi huku, alichotaka amepata. Kesho ni Jumapili lakini ng'ombe haendi kanisa. Saa kumi na moja uwe umevaa viatu. Na njiani usinichekeshe, maziwa itamwagika."